Wimbo wa Saba

Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya Scovia ilijulikana na mtu mmoja tu chini ya jua, jina lake Ladu, na ni huyo huyo aliyeufanya mji mzima uiimbe.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Scovia alikuwa kwenye cherehani yake katika soko la Arua, anashona gauni la Jumamosi. Si la mteja, la kwake. Jumamosi watu wa Ladu walikuwa waje kutoka Koboko, na wazee wao na mbuzi wao, wakae mbele ya baba yake pale Ediofe na waseme kwa heshima zote jambo ambalo kila mtu alikwisha kulijua. Mapenzi ni kikohozi, na haya ya Scovia na Ladu yalikuwa yamekohoa miaka mitatu mbele za watu. Alikuwa amebakiza mikono ya gauni tu.

Jirani yake wa kibanda alikuwa Onzima, baba wa Drani na wengine watano, muuza nyimbo. Unampa kadi ya simu yako, anakujazia nyimbo, unakwenda zako. Spika yake huamka kabla ya wenye soko. Asubuhi ile aliinama juu ya ukuta wa mabati uliowatenga.

"Scovia! Nyinyi natoa nyimbo, na jirani hapana ambia? Mimi nasikia kwa mutu ya Vurra!"

"Nyimbo gani, Baba Drani?"

"Nyimbo ya bendi yenu. Tisa nzima! Iko mtandaoni tangu alfajiri. Hapana tangazo, hapana padri kubariki, hapana nini. Mimi nimeshusha zote."

Scovia akacheka. Ndivyo alivyokuwa Ladu, mtu wa kushtukiza watu. Bendi yao, Sauti ya Enyau, ilikuwa ya vijana watano, Wakatoliki na Waprotestanti mchanganyiko. Ladu alipiga gitaa na kutunga, na Scovia ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza. Ladu alikuwa amechoshwa na nyimbo za ushindi. Alisema bendi zote za dini zinaimba kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuomba akakosa. Kwa hiyo walitunga nyimbo za kweli: mtu anayesinzia kwenye maombi, mtoto wa askari asiyejua amwambie nini Mungu aliyemrudisha baba yake nyumbani bila maneno. Scovia alizipenda nyimbo hizo kwa moyo wake wote. Lakini zilikuwa nane. Alizirekodi mwenyewe, hakuweza kukosea hesabu.

"Ya saba ndiyo kali," alisema Onzima, akafungulia spika mpaka mwisho.

Gitaa lilianza kwa uzi mmoja, polepole. Kisha ikaja sauti, na Scovia akaijua kabla ya neno la kwanza, kwa sababu ilikuwa yake na haikuwa imerekodiwa studio.

*Mama, ulisema, Scovia wacha kuimba, ongea na mimi.*
*Mimi naimba.*
*Wewe iko nakufa, Mama, mimi naimba utapona.*
*Baba iko mlangoni na rozari,*
*mimi naogopa Baba kuliko napenda wewe.*
*Mungu, wewe haukuwa. Kama ulikuwa,*
*kwa nini haukufunga mdomo yangu?*

Sindano ilipita kwenye kidole chake na hakuisikia. Mwanamke aliyekuwa anachagua vitambaa alianza kutikisa kichwa kwa kufuata mdundo. Ilipofika mara ya pili, *wacha kuimba, ongea na mimi*, mwanamke yule alikwisha kushika maneno, akaimba pamoja na spika.

Ladu aliishi Koboko na wenzake wote walikuwa Arua, hivyo nyimbo zao zilikua kwa kutumiana sauti kwenye simu. Leo mmoja anatuma kipande, kesho mwingine anakijibu. Ili wasigombane, waliweka sheria: kinachoimbwa ni cha bendi, kinachosemwa ni cha mwenyewe. Sheria nzuri, na miaka yote haikuwaletea shida.

Sasa, siku ya kutimiza mwaka tangu mama yake, Santa, azikwe, Scovia alitoka makaburini akajifungia chumbani na kumtumia Ladu sauti. Alitaka kumwambia mtu mmoja kilichokuwa kinamla. Kwamba mama alijua anakufa na alitaka kuaga. Kwamba baba, katekista, alikuwa amewatangazia waumini kwamba mkewe atapona, na kuanzia siku hiyo neno kifo halikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Kila siku waliimba tu. Alianza kwa kusema. Akashindwa. Akalia kama wanavyolia wanawake wa kwao, na huko kilio hakiendi ovyo: sauti inapanda, inashuka, inamwita marehemu kwa jina, inarudi. Hakuna mwanamke anayefundishwa. Tena alilia kwa Kiswahili, si kwa Kilugbara, ili Ladu, Mkakwa wa watu, aelewe kila neno. Kwa upendo huo huo alijiponza.

Kufikia saa nane mchana, Ediofe yote ilikuwa imesikia.

Mzee Afedra hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alimngoja bintiye barazani, kofia iko magotini. Nyumbani kwao walizungumza Kilugbara, na Kilugbara cha mzee kilikuwa cha kanisani, kila neno limepigwa pasi.

"Jumapili baada ya Misa utasimama mbele ya watu," alisema. "Utasema maneno yale aliyatunga yule kijana, wewe uliyasoma tu, naye akiri. Ukinikubalia, Jumamosi watu wake nitawapokea kama nilivyoahidi. Ukikataa, wasipite langoni kwangu."

"Baba, watu watamwita Ladu mwongo."

"Na wamwite. Mkwe mwongo nitamvumilia. Binti asiyeamini nitampeleka wapi?"

"Na kama..."

"Nataka jibu kabla ya Alhamisi."

Kwa hiyo Jumatano asubuhi Scovia alikwenda Koboko. Njia nzima alijipangia maneno. Atamwambia Ladu autoe wimbo mtandaoni. Kisha atamwomba akubali kubeba uongo mdogo, mdogo tu, wa Jumapili moja, ili Jumamosi yao ipone. Mwanamume anayempenda mwanamke hubeba mizigo mizito kuliko huo. Gauni alikuwa amelimalizia usiku bila kulala, na hilo likuonyeshe alikuwa na matumaini gani.

Studio ya Ladu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka lake la kutengeneza simu, kuta zimefunikwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie. Mlangoni alimkuta mama yake Ladu, Mama Kiden, ameshuka kutoka Lobule na kikapu cha mbegu za simsim kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Mama huyo alimshika mabega yote mawili asimwachie.

"Mtoto yangu," alisema. "Jana mimi iko shamba. Simu ya jirani naimba. Mimi nasikia kilio, naweka jembe chini. Nauliza, nani amekufa? Watu nacheka. Wao nasema, Mama Ladu, hiyo hapana kilio, hiyo wimbo ya mtoto yako."

Alimgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama ndani na waya mkononi.

"Mimi hapana jua mambo ya mtandao," alisema Mama Kiden. "Lakini jembe nilikuwa nimeweka chini."

Akachukua kikapu chake akatoka. Wakabaki wawili.

Ladu alimtazama. Jamani, kuna watu wasingeruhusiwa kutazama wengine hivyo! Ni jicho lile lile lililomfanya Scovia asahau beti kanisani, jicho linalokaa juu yako bila haraka. Alikuwa hajanyoa, na shati lilikuwa la jana.

"Nimepiga simu kwako mara kumi na mbili," alisema Ladu.

"Nimeona."

"Umekasirika."

"Mimi hapana kuja kukasirika. Nakuja kuongea."

"Soma hii kwanza. Tafadhali. Halafu piga mimi kama unataka."

Akampa simu. Ujumbe ulikuwa juu ya ujumbe. Nesi mmoja wa Yumbe aliandika kwamba mwezi uliopita alimwambia mgonjwa atapona, huku anajua, na leo amelia mpaka ameshindwa kuingia zamu. Dereva wa lori aliyekwama Vurra akingoja karatasi za kuvukia Kongo aliandika kwamba ana miaka minne hajaomba, na leo ameomba, ingawa ameomba kwa matusi. Norah, mwenzao wa bendi, aliandika neno moja tu: *Kwa nini?*

Scovia alisoma zote. Zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kwa nini haukuuliza mimi?"

"Ningeuliza, ungekataa."

"Basi ulijua."

Ladu alianza kuuzungusha waya mkononi.

"Nilitaka iwe zawadi," alisema. "Kabla ya Jumamosi. Watu wajue Ladu naoa mwanamke gani. Mwanamke haogopi kusema kweli mbele ya Mungu."

"Mimi naogopa, Ladu. Naogopa sana. Ndiyo maana nilisema kwa wewe peke yako."

"Scovia..."

"Toa hiyo wimbo."

Alidhani atabishana. Hakubishana. Alichukua simu, akabonyeza hapa na pale, akamwonyesha: nyimbo zimebaki nane. Scovia alivuta pumzi. Kisha nje, dukani, mteja aliyekuja kuchukua simu yake akaijaribu spika, na kilio cha Scovia kikaanza upya kwenye kadi ya mtu asiyemjua. Wote wawili walisimama wakisikiliza mpaka mteja akaondoka nacho. Maji yakimwagika hayazoleki, na kadi za kina Onzima zilikuwa zimekwisha kuvuka mpaka.

"Iko kitu moja imebaki," alisema Scovia. Akamweleza sharti la baba yake. Alisema haraka, macho sakafuni. "Useme umetunga wewe. Mbele ya watu, mara moja tu. Kama unakubali, Jumamosi watu yako nakuja, tunaoana, halafu watu nasahau."

Ladu akaketi juu ya kasha la spika.

"Hiyo siwezi."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Scovia, nyimbo nane nzima nasema tuache uongo mbele ya Mungu. Halafu mimi nasimama kanisani nadanganya? Simama na mimi wewe. Baba yako atakasirika, atapoa."

"Baba yangu wewe hapana jua. Na heshima yako hapana guswa, lakini ya kwangu iko kwa kila simu!"

"Mimi sikuiba!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Sheria ni yetu wote. Kinachoimbwa ni ya bendi. Wewe uliimba."

"Niliimba?"

"Ilikuwa na tuni, Scovia. Kila mutu nasikia iko na tuni."

Scovia alimsogelea mpaka akaweza kumgusa. Hakumgusa.

"Wewe ni mtoto ya Koboko," alisema polepole. "Hapana mzungu amekuja jana. Siku baba yako alikufa, mama yako alilia aje?"

Ladu alitazama mikono yake.

"Alilia aje, Ladu?"

"Na tuni."

"Uliweka gitaa?"

Mchana wa Koboko uliendelea nje, pikipiki, wauza samaki, adhana ya adhuhuri kutoka msikiti wa karibu. Ndani magodoro yaliufanya ulimwengu wote usikike kwa mbali. Scovia alikuwa anampenda. Niseme wazi, msije mkadhani mapenzi yalikuwa yamekwisha: alikuwa anampenda hivyo hivyo alivyokuwa, na shati lake la jana, na angeweza kumsamehe siku hiyo hiyo kama angepata sababu moja ya kushika. Aliamua kuiomba.

"Wewe ni mutu ya kweli," alisema. "Basi niambie kweli moja. Ile siku ulifungua simu, mimi nalia. Ulisikia nini?"

Sikilizeni sasa. Ladu angesema, nilisikia wewe. Maneno mawili tu. Scovia angeyaamini, kwa maana alikuja akiwa anataka kuamini, na Jumamosi wangekaa kwenye mkeka mmoja. Kuna uongo ambao umejenga nyumba nyingi imara. Lakini Ladu alikuwa amekwisha kukataa kusema uongo, na macho ya Scovia yalikuwa karibu mno.

"Nilisikia wimbo," alisema.

"Kwanza?"

"Kwanza. Nilichukua gitaa, natafuta noti. Halafu... halafu ndiyo nilisikia ni wewe nalia." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Scovia, mimi nakupenda. Mungu anajua."

"Najua. Na mimi nakupenda."

"Basi?"

"Basi Mama aliomba kuongea, mimi naimba. Mimi niliomba kuongea, wewe naimba. Sisi wawili tukioana, Ladu, nani atasikiliza nani?"

Ladu aliushika mkono wake. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kwa nyuzi, kama siku zote. Scovia aliuacha mkono pale kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, mpaka akaona kwamba akiendelea hataondoka. Akauchukua.

"Ambia wazee yako wasikuje Jumamosi."

"Hapana. Scovia, hapana. Nitasema! Nitasema nimetunga mimi, Jumapili, mbele ya watu wote!"

Sasa ndipo alipokubali. Mwanamume aliyekataa uongo saa nzima alikuwa tayari kuusema, na Scovia akagundua kwamba hauhitaji tena. Hiyo ilimwumiza kuliko wimbo wenyewe.

"Usiseme," alimwambia. "Wewe hapana jua kudanganya. Utaharibu."

Mama Kiden alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, simsim mapajani, hapepeti. Aliutazama uso wa Scovia, akaelewa, akainuka. Alimsindikiza mpaka stendi, amemshika kiwiko, na walipofika akamwambia tu, "Safari njema, mtoto yangu," kwa sauti ya mtu anayezika.

Alasiri ile Mzee Afedra alikuwa barazani pale pale. Scovia hakuketi.

"Nimeleta jibu, Baba. Maneno ni yangu. Yote. Ladu aliweka gitaa tu. Jumapili sitasimama."

Uso wa mzee ulikaza. "Basi Jumamosi watu wake..."

"Hawaji. Hilo nimelimaliza mwenyewe Koboko."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa ukaidi au kwa utii. Kwa hili hakujiandaa. Aliigeuza kofia magotini mara mbili, tatu.

"Umemwacha?"

"Nimemwacha."

"Na imani umeiacha?"

"Hilo sijui, Baba. Nilikuwa namwambia Mungu nimemkasirikia. Sidhani mtu humkasirikia asiyekuwepo." Alimsogelea hatua moja. "Lakini Mama alisema vile. Nataka ujue hivyo tu. Sikutunga. Aliniomba niache kuimba."

"Najua," alisema mzee.

"Ulimsikia?"

"Nilikuwa mlangoni."

Scovia alimtazama baba yake.

"Nilimsikia," alisema Mzee Afedra. Alikuwa anaongea na kofia. "Alisema mara mbili. Ya pili alinitazama mimi."

"Ulijua! Na bado ukataka niseme ni maneno ya Ladu?"

"Nilitaka yawe ya Ladu," alisema mzee.

Kuku alipita uani, akarudi. Hakuna aliyeondoka. Baada ya muda mzee alijikohoza, akarudi kuwa mzee wa nyumba.

"Mpigie shangazi yako. Watu wasije wakachinja bure."

Shangazi Viktoria alikuwa Vurra, ndiye aliyekuwa aongoze wanawake wa kupokea wageni, na alikuwa mmoja wa wale waliousikia wimbo wa saba wakadhani ni sifa, bibi arusi wao anaimbwa mpaka Kongo. Scovia alipiga. Simu iliita mara moja tu. Shangazi alipoliona jina hakungoja salamu. Alipiga vigelegele, na wanawake waliokuwa naye wakavipokea, mmoja baada ya mwingine, wanacheka, wanampongeza. Scovia aliishika simu sikioni akangoja wamalize.